Kilichokatwa na Kinachoota

Mjusi wa ukutani akibanwa na paka huachia mkia na kutimka. Mkia unabaki sakafuni ukirukaruka, paka anahangaika nao, mwenyewe keshafika darini. Baada ya wiki kadhaa anaonekana tena akiwa na mkia mwingine. Ukimtazama kwa makini utaona rangi ya mkia huu wa pili haifanani sana na ya mwili, na ukipasuliwa hauna pingili za mfupa kama ule wa kwanza. Ndani yake umepita mrija wa gegedu tu. Hata hivyo ni mkia, na mjusi anautumia. Mtu aliyeondolewa taya, titi, kibofu au zoloto kwa sababu ya saratani ana haki ya kuuliza kwa nini kiumbe mdogo kama yule amejaliwa jambo ambalo yeye amenyimwa.

Wataalamu walianza kulichunguza swali hilo karne ya 18. Katika miaka ya 1740 Abraham Trembley, Mswisi aliyekuwa mwalimu wa watoto wa nyumba moja ya kitajiri karibu na The Hague, Uholanzi, alimkata vipande haidra, mdudu mdogo wa majini, akaona kila kipande kikikua na kuwa haidra kamili. Mwaka 1768 padri Mwitaliano Lazzaro Spallanzani akaeleza jinsi salamanda anavyootesha upya mkia, miguu na hata taya. Tangu hapo tumaini la kuotesha viungo vya binadamu limepanda na kushuka mara nyingi. Makala haya yanaifuata njia hiyo upande wa wagonjwa wa saratani, na hoja yake ni moja. Viungo vilivyorudi kweli vilirudi pale daktari alipoupa mwili nafasi na muda, mwili ukafanya kazi yenyewe, na pale watafiti walipokubali kurudi nyuma wagonjwa wao walipokufa. Mawili hayo yalipokosekana, watu walipoteza maisha huku magazeti yakishangilia.

Kisu, 1873 hadi 1931

Kabla ya dawa za usingizi na usafi wa vyumba vya upasuaji, aliyepata saratani ya kiungo cha ndani alikufa nacho. Mabadiliko yalikuja nusu ya pili ya karne ya 19. Tarehe 31 Desemba 1873, mjini Vienna, daktari Theodor Billroth alimwondolea mgonjwa zoloto lote lililoshikwa na saratani. Mwaka 1881 akakata sehemu ya tumbo la chakula la mgonjwa mwingine, akaunganisha kilichobaki na utumbo. Mama yule aliishi miezi minne hivi zaidi. Nchini Marekani, William Halsted akaanza kuondoa titi pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake. Msingi wa kazi yao ulikuwa imani kwamba saratani huanzia mahali pamoja na kutambaa kwa majirani, basi anayekata kwa upana zaidi anaikamata kabla haijatoroka.

Imani hiyo iliokoa watu, na ilizaa kundi la binadamu ambalo halikuwapo awali: watu walio hai, saratani imekwisha, lakini wamebaki na pengo. Huyu hasemi tena kwa sauti yake. Yule anameza uji tu. Mwingine ana mkono uliovimba upande ule titi lilikokuwa. Kwa miongo mingi watu hawa waliambiwa washukuru kwamba wanapumua, na maumivu yao hayakuhesabiwa kuwa sehemu ya ugonjwa. Huo nauona kuwa upungufu mkubwa wa tiba ya wakati ule. Kumponya mtu kuna hatua mbili, kuondoa kinachoua na kurudisha kilichoondoka, na hatua ya pili ilisahaulika kwa sababu hakuna aliyejua ingeanzia wapi.

Dalili ya kwanza ilitoka kwenye ini. Mwaka 1931 Higgins na Anderson walichapisha utafiti wa panya walioondolewa theluthi mbili za ini. Wiki chache baadaye uzito wa ini ulikuwa umerudi karibu na ule wa mwanzo. Kwa kweli sehemu iliyokatwa haikuota tena; sehemu zilizobaki zilinenepa mpaka zikatosheleza kazi. Kama mkia wa mjusi, kipya hakikuwa nakala ya cha zamani. Miongo mitano baadaye wapasuaji wa Japani waliitumia tabia hiyo kwa ustadi: kabla ya kukata upande wa ini wenye saratani waliziba mshipa unaoupelekea damu, wakasubiri wiki kadhaa, na upande mzima ukakua wenyewe mpaka ukaweza kubeba mzigo. Walioonekana hawawezi kufanyiwa upasuaji kwa sababu wangebaki na ini dogo mno sasa waliweza. Hakuna mashine iliyojenga kitu hapo. Daktari alifunga njia moja ya damu, akangoja.

Uloto, 1945 hadi 1990

Hiroshima na Nagasaki ziliwafunza madaktari jambo la kutisha. Wengi walionusurika mlipuko na moto walikufa wiki chache baadaye kwa kutokwa damu na kwa maambukizi, kwa sababu mionzi ilikuwa imeua uloto, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Mwaka 1949 Leon Jacobson wa Chicago alionyesha kwamba panya waliopigwa mionzi mikali huishi iwapo bandama yao imekingwa kwa madini ya risasi. Mwaka 1951 Egon Lorenz na wenzake wakaonyesha kwamba hata panya asiyekingwa huokoka akidungwa uloto wa panya mwenzake. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa: mgonjwa wa saratani ya damu apewe mionzi na dawa kali kiasi cha kuua saratani yote, pamoja na uloto wake, kisha apandwe uloto mwingine.

Aliyelishika wazo hilo na kutoliachia alikuwa E. Donnall Thomas, daktari katika hospitali ndogo ya mji wa Cooperstown, jimbo la New York. Mwaka 1957 alichapisha taarifa ya wagonjwa sita waliotiwa uloto wa watu wengine. Hakuna aliyevuka siku 100. Miaka miwili baadaye alijaribu kwa wagonjwa wenye ndugu pacha wa kufanana. Uloto ulishika, lakini saratani ilirudi baada ya miezi michache. Kwa wasio mapacha sababu za kushindwa zilikuwa mbili, na wakati huo zilieleweka nusunusu. Seli za damu za mtu mmoja humtambua mtu mwingine kuwa mgeni, na katika upandikizaji wa uloto hatari ni ya pande mbili, maana mwili unaweza kumkataa mgeni, na mgeni naye, kwa kuwa ni kinga ya mwili iliyohamishwa, anaweza kumgeukia mwenyeji na kumshambulia ngozi, utumbo na ini. Jean Dausset wa Ufaransa alianza mwaka 1958 kuzifumbua alama ambazo seli hutumia kutambuana. Mwaka 1961, James Till na Ernest McCulloch wa Toronto wakathibitisha kwa panya kwamba ndani ya uloto kuna seli chache zenye uwezo wa kuzaa aina mbalimbali za seli za damu. Hizo ndizo tunazoziita leo seli shina.

Lakini yote hayo hayakumsaidia mgonjwa wa mwaka 1960. Wagonjwa walikufa, na madaktari wengi wakaliacha wazo zima wakisema ni ndoto. Thomas alifanya jambo gumu zaidi kuliko kuacha na kuliko kuendelea: alisimamisha upandikizaji kati ya watu wasio mapacha, akarudi maabara kwa mbwa. Kwa miaka kadhaa, kwanza Cooperstown na kuanzia 1963 mjini Seattle, yeye na mkewe Dottie, aliyefanya kazi naye bega kwa bega, pamoja na wenzao, walitafuta jinsi ya kulinganisha alama za mbwa mtoaji na mpokeaji, dozi ya mionzi inayotosha, na dawa ya kumtuliza mgeni asimshambulie mwenyeji. Matokeo kwa mbwa yalipokuwa imara ndipo waliporudi kwa binadamu, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1977 walichapisha habari za wagonjwa 100 wenye saratani kali ya damu, watu ambao dawa za kawaida zilikuwa zimewashinda. Kumi na watatu walikuwa hai bila saratani.

Kumi na watatu kati ya 100 huenda wakaonekana wachache. Kwa wakati ule ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa kundi hilo kupewa nafasi yoyote. Baadaye ilionekana kwamba uloto ukipandwa mapema, kabla ugonjwa haujafika ukingoni, wanaopona ni wengi zaidi. Thomas alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990, na kufikia mwisho wa mwaka 2012 upandikizaji wa uloto na seli zake ulikuwa umefanyika mara 1,000,000 duniani.

Ni tiba isiyo na kishindo kwa anayeitazama. Uloto huvutwa kwa sindano nene kutoka mfupa wa nyonga wa mtoaji, siku hizi mara nyingi seli huchujwa kutoka damu yake tu, na mfuko wenye kimiminika chekundu hutundikwa kando ya kitanda kama damu ya kawaida. Tone baada ya tone huingia mshipani. Hakuna anayezielekeza seli zile. Zinazunguka na damu, zinaipata mifupa zenyewe, zinaingia na kutulia. Kisha zinakuja wiki mbili, tatu au zaidi ambazo mgonjwa hana kinga yoyote, kila asubuhi damu inapimwa, na kila mtu anasubiri namba ya seli nyeupe ianze kupanda. Uloto ni kiungo ingawa hauna umbo la kiungo, na ndicho kiungo ambacho saratani hukichukua kizima na binadamu amefaulu kukiotesha tena kwa maelfu ya watu kila mwaka. Anayesema kurudisha viungo kwa waliougua saratani ni hadithi ya siku zijazo amesahau kwamba kwa uloto ni historia.

Taya: Kampala 1958, Kiel 2004

Kuna hadithi ya Afrika Mashariki inayostahili kuwekwa hapa, kwa kuwa inaonyesha njia nyingine ya kukirudisha kiungo. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, mara nyingine pande zote za uso kwa pamoja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya wiki 10 kwa gari kuukuu, hospitali hadi hospitali, kuichora ramani ya ugonjwa huo, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kisu, na alikubali kwamba kisu hakifai kitu hapo. Dawa za saratani zilipojaribiwa mapema miaka ya 1960, uvimbe ule uliyeyuka ndani ya siku chache, na mtoto aliyekuja uso umeharibika akarudi nyumbani na uso wake. Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huo kilifunguliwa Mulago, na ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Taya la mtoto aliyetibiwa kwa dawa halikuhitaji kuoteshwa, kwa sababu halikukatwa.

Mjini Kiel, Ujerumani, mwaka 2004, mambo yalikuwa mengine. Mwanamume wa miaka 56 alikuwa ameondolewa sehemu kubwa ya taya la chini miaka minane nyuma kwa sababu ya saratani. Miaka yote hiyo alikula supu na vyakula vilaini tu. Daktari Patrick Warnke na wenzake walipima fuvu lake kwa picha za kompyuta, wakatengeneza kitundu cha wavu wa titani chenye umbo la taya lililopotea, wakakijaza vipande vya madini ya mfupa wa ng'ombe, protini inayochochea mfupa kukua, na uloto wa mgonjwa mwenyewe. Kisha wakakipandikiza ndani ya msuli wa mgongo wake. Kwa wiki saba mtu yule alitembea akiwa na taya mgongoni, likinyonya damu ya msuli na kuwa mfupa hai. Likatolewa pamoja na nyama na mishipa yake, likaunganishwa usoni. Wiki nne baadaye alikula mkate wenye soseji.

Tukio hilo lilisifiwa sana, na lilistahili. Waliolijenga taya lile hawakujidai kujenga kila kitu. Walitengeneza kitundu na kuutegemea msuli ulishe mfupa. Lakini tahadhari haikukosekana. Protini ile inayouambia mfupa ukue haichagui wa kumsemesha. Ya jamii hiyohiyo iliyokuwa sokoni Marekani ilikuja na onyo la kutotumiwa karibu na mahali palipo na uvimbe au palipotolewa uvimbe. Mgonjwa wa Kiel alikuwa amepita miaka minane bila saratani kurudi. Aliyekatwa jana hawezi kufanyiwa vivyo hivyo kwa utulivu wa moyo.

Kibofu, 1999 hadi 2014

Mwaka 1993 Robert Langer na Joseph Vacanti waliandika makala iliyoipa fani hii mwelekeo: chukua kiunzi kinachoyeyuka taratibu, panda juu yake seli za mgonjwa, rudisha mwilini. Kuanzia 1999 Anthony Atala alifanya hivyo kwa kibofu cha mkojo. Alichukua kipande kidogo cha kibofu cha mtoto, akazikuza seli zake kwa wiki kadhaa, akazipaka juu ya kiunzi chenye umbo la kibofu. Mwaka 2006 alichapisha matokeo ya wagonjwa saba, watoto na vijana. Ulimwengu ulisikia kwamba kibofu kimetengenezwa maabara, na waliougua saratani ya kibofu wakaanza kupiga simu hospitalini.

Watoto wale, hata hivyo, hawakuwa na saratani. Vibofu vyao vilikuwa vimekakamaa kwa sababu ya kasoro ya uti wa mgongo waliyozaliwa nayo. Jaribio lililofuata, lililochapishwa mwaka 2014, halikuona vibofu vikifanya kazi vizuri zaidi, na madhara yalikuwa mengi mno. Kwa mgonjwa wa saratani ugumu ni mkubwa zaidi, kwani seli za kupandia zingechukuliwa kwenye kibofu kilekile chenye ugonjwa. Hili linatuhusu moja kwa moja sisi wa pwani na wa maziwa makuu, ambako kichocho cha mkojo, kikichelewa kutibiwa, huweza kuzaa saratani ya kibofu. Mpaka leo anayeondolewa kibofu hutengenezewa njia ya mkojo kwa kipande cha utumbo, upasuaji uliozoeleka tangu 1950. Si kibofu halisi, lakini kimewaweka watu kazini na nyumbani kwa zaidi ya miaka 70.

Bomba la hewa, 2008 hadi 2023

Hapa ndipo historia hii inapouma. Mwaka 2008, Barcelona, kundi la madaktari akiwemo Paolo Macchiarini lilimpandikizia mwanamke aliyeharibiwa na kifua kikuu kipande cha bomba la hewa la marehemu, kilichooshwa seli zote na kupandwa za mgonjwa. Habari ilienea duniani kote. Macchiarini akaajiriwa na Karolinska, chuo cha tiba cha Stockholm ambacho wataalamu wake ndio huchagua mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Tiba, na huko akaamua kwamba kiunzi cha marehemu hakihitajiki tena. Mwezi Juni 2011 alimfanyia upasuaji kijana kutoka Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland na aliyekuwa na uvimbe kwenye bomba la hewa. Alimwondolea bomba hilo akamwekea la plastiki lililokuwa limelowekwa kwa saa 36 kwenye chombo chenye seli za uloto wake. Dai lilikuwa kwamba seli zile zingeigeuza plastiki kuwa kiungo hai.

Hazikuigeuza. Seli haziwezi kuishi bila damu, na plastiki haina mishipa ya damu. Ndani ya kifua, mahali panapopita hewa yenye vijidudu kila sekunde, kitu kisicho hai hakiponyi jeraha. Wapelelezi wa baadaye walikuta kwamba njia hiyo haikuwa imejaribiwa ipasavyo kwa wanyama kabla ya kufika kwa binadamu. Kijana yule alifariki Januari 2014, ameacha mke na watoto. Wote watatu waliowekewa bomba la plastiki Karolinska walikufa. Wakati huohuo makala za kisayansi zilikuwa zikisema mambo yanakwenda vizuri. Madaktari wanne wa hospitali ya Karolinska, waliowahudumia wagonjwa na kuyasoma mafaili, walipeleka malalamiko mwaka 2014 na badala ya kushukuriwa wakatishiwa. Mtaalamu wa nje, Bengt Gerdin, aliona mwaka 2015 kwamba udanganyifu wa kisayansi umefanyika. Uongozi wa chuo ukamsafisha Macchiarini. Ilibidi televisheni ya Sweden ionyeshe filamu yake Januari 2016 ndipo mkuu wa chuo akajiuzulu na mpasuaji akafukuzwa. Jarida la Lancet liliziondoa makala zake mbili mwaka 2018, na Juni 2023 mahakama ya rufaa ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kuwadhuru wagonjwa watatu.

Wapo waliomtetea wakisema wagonjwa wale walikuwa wanakufa, na anayekufa ana haki ya kujaribu lolote. Hoja hiyo ina uzito, na haipaswi kutupwa bila kujibiwa. Wagonjwa sita wa Thomas mwaka 1957 nao walikuwa wanakufa. Tofauti ya watu hawa wawili imo katika kilichofuata. Thomas aliandika wazi kwamba wote wamekufa, akasimama, akarudi kwa mbwa. Macchiarini aliandika kwamba mambo ni mazuri, akaenda kwa mgonjwa wa pili na wa tatu. Haki ya mgonjwa kujaribu inamlazimu daktari kusema ukweli wa waliomtangulia, na mgonjwa aliyefichwa vifo hivyo hajapewa uamuzi wowote wa kufanya. Tena, mahakama ilisikia kwamba hali za wagonjwa hao hazikuwa zote za saa ya mwisho kama ilivyodaiwa.

Wakati kelele za Stockholm zikiendelea, kazi nyingine ilikuwa ikifanyika Ufaransa bila magazeti. Tangu 2009 Emmanuel Martinod na wenzake walikuwa wakitumia kipande cha aota, mshipa mkuu wa damu, kutoka kwa marehemu, kilichogandishwa na kuhifadhiwa. Walikishonea mahali pa bomba la hewa lililokatwa, wakakishikilia kwa mrija ndani ili kisiporomoke, wakauacha mwili. Walikuwa wamekaa miaka mingi na kondoo kabla ya hapo. Mwaka 2018 walitoa taarifa: wagonjwa 13 walipandikizwa, na miaka karibu minne baadaye 10 walikuwa hai, wanane kati yao wakipumua bila mrija wa kushikilia. Ndani ya aota ile kulikuwa kumeota utando wa njia ya hewa, na gegedu changa. Waliohusika ni wachache, na bado hakuna anayeweza kueleza kikamilifu seli za gegedu zilitoka wapi. Lakini mwili ulipewa mahali laini, penye jirani wenye damu, na miezi ya kusubiri, ukafanya ambacho plastiki iliyolowekwa saa 36 ilishindwa.

Kukua kuleta uzima, kukua kuleta kifo

Pingamizi kubwa kuliko yote linatoka kwenye saratani yenyewe. Saratani ni seli inayokua bila kuambiwa isimame. Kuotesha kiungo ni kuziambia seli zikue. Mwaka 1986 Harold Dvorak alieleza kwamba uvimbe wa saratani unafanana na jeraha lisilopona: mishipa mipya, seli zinazogawanyika, uvimbe wa kinga, vyote vile vinavyoonekana kidonda kinapofunga, ila havikomi. Shinya Yamanaka wa Japani alipogundua mwaka 2006 jinsi ya kuirudisha seli ya ngozi ya panya katika hali ya uchanga, iweze kuwa kiungo chochote, alitumia jeni nne, na mojawapo inajulikana kwa kuchochea saratani. Katika kazi yake ya mwaka uliofuata, karibu 20% ya panya waliozaliwa kutokana na seli hizo walipata uvimbe. Tangu hapo njia salama zaidi zimepatikana, lakini funzo lilibaki: kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, kila kichocheo cha kukua ni mkuki wenye ncha mbili.

Je, basi tumaini lote ni la bure? Ushahidi wa ovari unajibu. Mwaka 1997 nchini Ubelgiji, mwanamke kijana mwenye saratani ya tezi za limfu alichukuliwa vipande vya ovari kabla ya kupewa dawa kali, vikagandishwa. Alipopona, Jacques Donnez alivirudisha tumboni mwake. Vikaamka, hedhi ikarudi, na mwaka 2004 akajifungua mtoto wa kike. Watoto wengi wamezaliwa kwa njia hiyo tangu hapo. Lakini vipande vya ovari vya wagonjwa wa saratani ya damu vilipopandikizwa kwa panya katika utafiti wa mwaka 2010, baadhi ya panya walipata saratani ya mwenye ovari. Kwa hiyo madaktari huwaruhusu wengine na kuwazuia wengine, na wanatafuta namna ya kuyatenga mayai na seli zenye ugonjwa. Kwa wavulana ambao hawajabalehe njia bado ni ya majaribio, ingawa mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitangaza kuzaliwa kwa nyani kutokana na mbegu za korodani iliyogandishwa kabla ya balehe. Hatari inajulikana, inapimwa, na kila aina ya saratani inahesabiwa peke yake. Hivyo ndivyo pingamizi linavyopaswa kujibiwa.

Kwetu

Atakuja mwingine aseme mazungumzo haya si yetu. Kwamba nchi ambako wagonjwa wengi wa saratani hufika hospitali ugonjwa umeshaenea, na ambako foleni ya mionzi ni ndefu, haina haja ya kuzungumzia viungo vya kuotesha. Nakubaliana na mwanzo wa hoja hiyo. Shilingi ya kwanza iende kwenye kugundua mapema, chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, dawa ya kichocho shuleni. Anayegunduliwa mapema hukatwa kidogo, na Burkitt alituonyesha kwamba anayepewa dawa sahihi huenda asikatwe kabisa. Sikubaliani na mwisho wake. Uloto ulionekana ndoto ya matajiri, na mwaka 2021 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuupandikiza jijini Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Ustadi huo ulichukua miongo kufika kwa sababu hakuna aliyejiandaa mapema, na safari hii tunaweza kujiandaa.

Na kuna jambo moja lisilohitaji kusubiri. Kugandisha mbegu za kiume ni kazi ya siku moja, na kliniki za uzazi za miji yetu mikubwa huifanya. Kijana anayeanza matibabu ya saratani, au mzazi wa kijana huyo, amuulize daktari wake: dawa hizi zitagusa uzazi wangu, na kuna kinachoweza kuhifadhiwa? Swali hilo liulizwe kabla ya dozi ya kwanza. Baada ya hapo, kwa wengi, huwa limechelewa.